Duka Lililojengwa Ili Lifungwe

Kwetu Tanga, mtu akiliona duka la Mhindi limesimama miaka na miaka, maelezo anayo tayari. Wana umoja. Wanakopeshana wao kwa wao. Wana siri zao, na wengine wataongeza na majini. Nimekulia katika maneno hayo, na nyumbani kwetu yalikuwa na uzito wake, maana baba yangu alifanya kazi karibu umri wake wote katika duka la Mhindi mmoja mjini, akipima sukari, akishusha magunia ya unga wa ngano, akifungua milango asubuhi na kuifunga jioni. Hadi anaacha kazi, mvi zimemjaa kichwani, alikuwa anaitwa boi.

Baadaye mimi mwenyewe nilisimama upande wa ndani wa kaunta ya Mhindi, mbali na Tanga, katika mji wa Leicester, Uingereza. Niliyoyaona huko hayafanani na tunayosimuliana vijiweni. Yapo ya kujifunza, yapo na ya kukataa, na ninayaandika kwa sababu naona vijana wetu wengi wanafungua maduka kwa kuiga mpangilio wa shelfu peke yake.

Mume wangu ni muuguzi na kazi yake ndiyo iliyotupeleka. Nilimfuata mwaka 2006. Leicester ina barabara iitwayo Belgrave Road, imejaa maduka ya sari, ya dhahabu na ya vitamutamu, na Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikikaribia huwashwa taa kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho, watu wakafurika hata magari yasipite. Duka nililofanyia kazi halikuwa huko kwenye kung'aa. Lilikuwa kwenye kona ya mtaa wa nyumba za matofali mekundu: chumba kimoja mbele, stoo nyuma, wenyewe wanaishi ghorofani. Waliuza magazeti, sigara, maziwa, mkate, pipi, tiketi za bahati nasibu, na viazi na vitunguu kwenye kreti karibu na mlango. Niliingia na mume wangu kutafuta unga, tukawa tunasemezana kwa Kiswahili, na mzee aliyekuwa nyuma ya kaunta akatujibu: "Unga wa sembe hakuna, mama. Lakini mogo iko." Mogo ni muhogo wetu huu huu; Leicester unauzwa hadi mikahawani, umekaangwa na kutiwa pilipili. Wiki haikuisha nikawa nimepata kazi.

Mzee alizaliwa Mbale, Uganda. Mkewe alizaliwa Kisumu. Wajukuu walimwita Ba, nami nikamwita hivyo hivyo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, na tulipokuwa wawili dukani hatukuzungumza lugha nyingine.

Watu wengi kwetu wanadhani Wahindi wote wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Ni kweli kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, lakini wengi wao walirudi kwao. Wenye maduka kwa sehemu kubwa walikuja wenyewe, kutoka Gujarati na Kachi, kwa majahazi na baadaye kwa meli, wakifuata ndugu aliyetangulia. Allidina Visram ndiye mfano mkubwa. Alikuja kijana mdogo, akaanza chini ya tajiri wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, na alipofariki mwaka 1916 alikuwa na maduka kuanzia pwani hadi ndani ya Uganda. Babu yake Mzee alipita njia hiyo hiyo kwa kiwango cha chini: unaitwa na ndugu, unamfanyia kazi miaka kadhaa kwa chakula na mahali pa kulala, ukionekana mwaminifu unapewa mzigo kwa mkopo ukafungue mbele zaidi, mji ambao bado hauna duka. Msomaji wa Tanzania ataona mara moja kwamba ndivyo afanyavyo leo Mangi, mwenye duka wa Kichaga, anayemleta mdogo wake kutoka Rombo akalala dukani hadi siku ya kujitegemea. Hakuna jini hapo. Kuna kijana anayelala juu ya magunia.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke Uganda, na wakapewa siku 90. Mzee alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Walipekuliwa kwenye vizuizi vya barabarani hadi Entebbe, na waliruhusiwa kutoka na takribani pauni 50 kwa familia. Waliofika Uingereza walikuwa zaidi ya 27,000. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa tayari limelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester, kwamba nyumba na shule zimejaa. Mzee alinieleza kwamba wao hawakuwa wameifikiria Leicester hadi walipoliona tangazo. Walipitia kwanza kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Stradishall, Suffolk, kisha wakaenda mji waliokatazwa, kwa sababu palipo na tangazo la namna ile ni lazima pana ndugu. Na walikuwepo: waliotoka Kenya kabla Uingereza haijafunga mlango kwa sheria ya mwanzoni mwa 1968, waliotoka Zanzibar baada ya 1964, na waliotoka Tanzania Bara baada ya serikali kutaifisha majengo mwaka 1971.

Mtoto wa mwenye duka akawa kibarua wa kiwanda, Imperial Typewriters, kilichotengeneza mashine za kuchapia. Mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda kile waligoma miezi kadhaa wakilalamikia marupurupu na namna walivyobaguliwa, na hata chama chao cha wafanyakazi hakikusimama nao. Mzee alikuwa mmojawapo. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Nilimuuliza kwa nini baada ya hapo hakutafuta kiwanda kingine. Akaniambia amechoka kuomba.

Duka walilinunua mwaka 1979 kwa Mwingereza aliyezeeka, ambaye watoto wake hawakutaka kazi ya kuamka saa kumi usiku. Maduka mengi ya magazeti Uingereza yaliingia mikononi mwa Wahindi kwa mlango huo huo: mwenye nayo amechoka, wanawe hawayataki, na mnunuzi yuko tayari kwa saa ambazo wengine wamezikataa. Fedha zilitoka kwenye akiba ya kiwandani, dhahabu ya Ba iliyofichwa kwenye pindo la nguo tangu Entebbe, na mikopo ya ndugu kadhaa. Hapa ndipo tunaposema "wanakopeshana" na kuishia hapo. Mikopo ile haikuwa na riba, lakini kila mmoja ulikuwa na tarehe. Mzee alinifafanulia: "Ukichelewesha pesa ya benki, benki inakuandikia barua. Ukichelewesha pesa ya ndugu, binti yako anakosa mchumba." Mzee na Ba waliruka chakula cha jioni ili tarehe isipite. Kwetu tunasema kukopa harusi, kulipa matanga, na tunasema tukicheka, mkopaji na mkopeshaji wote wawili. Kwao hakuna aliyecheka.

Kazi yenyewe ilianza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Gari la jumla lilitupa mabunda ya magazeti mlangoni na kuondoka. Ba alikata mikanda ya plastiki kwa kisu cha jikoni, akahesabu kila bunda, maana bunda likipungua na usiseme asubuhi ile ile, hasara ni yako. Kisha alichukua penseli na kuandika namba ya nyumba kwenye kona ya juu ya kila gazeti, mtaa kwa mtaa, bila kuangalia orodha. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cheusi kwa wino na hakikutakata hata Jumapili. Watoto wa shule wakaja na mifuko begani kuyasambaza. Hadi saa moja na nusu, wakati maduka ya kifahari bado yamefunga, sisi tulikuwa tumeshauza kwa watu wa zamu zote mbili, wanaokwenda na wanaorudi.

Nililohitaji muda kulielewa ni jinsi faida ilivyo ndogo. Sigara ndizo zilizoleta pesa nyingi kaunta, lakini sehemu kubwa ya bei ya pakiti Uingereza ni kodi. Bidhaa nyingi zinakuja zimechapwa bei na kiwanda, huwezi kupandisha hata peni moja. Kila jioni Mzee alihesabu pesa na kuzigawa kwenye bahasha: ya mwenye magazeti, ya jumla, ya kodi ya serikali, ya umeme. Alizitaja kwa sauti. Hii si yangu, hii si yangu, hii si yangu. Iliyobaki mwisho ilikuwa nyembamba, na ndiyo peke yake aliyoiita pesa. Kwetu nimeshuhudia watu wazima wenye akili zao wakitazama droo iliyojaa saa mbili usiku na kuamini wamekuwa matajiri, wiki ya pili hawana cha kununulia mzigo.

Na kulikuwa na daftari la Ba. Lilining'inia kwa uzi nyuma ya mlango wa stoo, jembamba, la mistari, kwenye jalada ameandika kwa Kigujarati kwamba ni la nyumbani. Kila kilichopanda ghorofani kutoka dukani kiliandikwa humo: maziwa, mkate, balbu, pipi ya mjukuu, hata kiberiti cha kuwashia taa ya sala. Mwisho wa wiki alijumlisha na pesa ikatoka kwenye mkoba wake kwenda kwenye droo. Nikamwuliza, "Ba, duka ni lako na maziwa ni yako, unajiandikia deni la nini?" Akanijibu huku anaandika: "Duka halijui mimi ni nani." Sijapata somo la biashara lililonikaa kama hilo. Tunasema fulani amekula mtaji kana kwamba amekula siku moja, kwa kusudi. Mtaji unaliwa kwa kilo moja moja ya sukari, na anayeula mara nyingi ndiye anayeupenda zaidi.

Diwali, familia nyingi za wafanyabiashara wa Kigujarati hufunga hesabu za mwaka na kufungua kitabu kipya. Kwa Ba kilikuwa kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa chekundu. Kiliwekwa juu ya kigoda mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, ukurasa wa kwanza ukapakwa alama za kumkum, unga mwekundu wa ibada, juu yake sarafu na jani la tambuu, na familia nzima ikakaa chini kuzunguka. Duka lilikuwa na kompyuta ya hesabu kitambo, aliinunua mwana wao. Kitabu kilibarikiwa vile vile. Mimi ni Mwislamu na sala ile si yangu, lakini kukaa chini na watoto wako mkaliheshimu daftari la hesabu ni jambo nililolionea wivu.

Sasa niyaseme na mengine, kwa sababu nisipoyasema nitakuwa nimepamba. Ba hakuwahi kulipwa mshahara. Magoti yake yalikwisha kwa kusimama. Kuna mji wa pwani uitwao Skegness ambako watu wa Leicester hupeleka watoto kuogelea wakati wa kiangazi. Binti yao aliniambia walikwenda mara chache sana utotoni, na kila mara mmoja wa wazazi alibaki dukani. Kazi za shule walizifanya wamekalia kreti za soda. Mwishoni mwa miaka ya 1970, chama cha National Front, kilichowapinga wahamiaji, kilipokuwa na nguvu mjini, dirisha lilivunjwa kwa mawe na Mzee akalala chini nyuma ya kaunta na nyundo. Umoja tunaousifia ulilipiwa na mtu, na aghalabu aliyeulipia ni mwanamke ambaye jina lake halikuwa kwenye leseni.

Siku moja tukipanga makopo nilimsimulia Mzee habari za baba yangu. Sikuzungushia. Nilimwambia baba alikuwa boi hadi uzee. Mzee akaweka chini kopo alilolishika. Akasema kwao Mbale walikuwa na mtu, alimkuta dukani tangu anazaliwa, ndiye aliyembeba mabegani kumpeleka shule. Siku ya kuondoka, baba yake alimkabidhi mtu yule funguo zote na kumwambia duka ni lako hadi tutakaporudi. Wanajeshi walilichukua baada ya siku chache. Miaka ya 1990, serikali ya Museveni ilipokuwa inawarudishia Waasia majengo yao, kaka yake Mzee alikwenda Mbale kushughulikia la kwao, na akaenda sokoni kumtafuta yule mzee wa funguo. Watu walimuuliza anaitwa nani. Hakuwa na la kujibu. Familia nzima hakuna aliyelijua jina lake.

Nilikasirika, na bado ninakasirika ninapoandika. Mtu alikabidhiwa funguo za duka zima na hakuwahi kupewa mzigo kwa mkopo akafungue lake, ilhali kijana aliyeteremka juzi kutoka Gujarati alipewa. Uaminifu ulikuwepo. Uliishia kwenye ngozi. Mzee hakujitetea, na hilo ninampa haki yake. Aliniambia kwamba alikuja kulielewa akiwa kiwandani, msimamizi alipokuwa anamwita kwa jina ambalo si lake. Mimi alinilipa kwa saa, kwa kiwango cha sheria, kwa jina langu kamili kwenye karatasi ya mshahara, na likizo nikapata. Lakini baba yangu hakufanya kazi Leicester.

Biashara ilianza kubana polepole. Sheria ya mwaka 1994 iliruhusu maduka makubwa, yale yanayozidi mita za mraba 280, kufungua Jumapili kwa saa sita tu, na madogo yakaachwa huru. Wahindi wengi waliishi kwa zile saa ambazo wakubwa walikuwa wamefunga. Kisha wakubwa wakajifunza kufungua matawi madogo, chini ya kiwango hicho, mitaani kabisa. Moja lilifunguliwa dakika chache kutoka kwetu, na kwa bei yao ya maziwa Mzee asingeweza hata kununua jumla. Wasomaji wa magazeti wakahamia kwenye simu. Aprili 2015 sheria ikataka hata maduka madogo yafiche sigara nyuma ya vifuniko.

Mwaka 2016 wakauza. Mimi nilidhani ni msiba. Binti yao ni mfamasia, mwana wao mhasibu, na nilimuuliza Ba kwa uchungu kabisa kwa nini hakuna anayerithi duka la miaka yote ile. Ba alinishangaa. "Tuliwalea humu ili wasikae humu," alisema. Akanihesabia: kwa duka lile walilipa ndugu wote, walisomesha wawili hadi chuo kikuu, walinunua jengo. Jengo hawakuliuza. Waliuza mali iliyokuwemo na kilemba cha biashara kwa familia changa ya Watamil kutoka Sri Lanka, na kodi ya pango ndiyo ikawa pensheni yao. Siku ya kuhesabu mali alikuja mthamini aliyekubaliwa na pande zote mbili, tukapita shelfu kwa shelfu, na mke wa mnunuzi, mtoto mgongoni, akawa ananiuliza magazeti yanafika saa ngapi. Kwetu duka likifungwa tunasema amefilisika. Kwao lilikuwa limemaliza kazi liliyonunuliwa kufanya.

Tumerudi Tanga tangu 2017. Nina duka Ngamiani, la unga, mchele, mafuta na sabuni. Daftari la nyumbani lipo, limening'inia kwa uzi nyuma ya mlango wa stoo. Mama mkwe aliliona siku ya kwanza akachukia, kwamba yeye mzaa chema anaandikiwa kilo ya sukari kama mpita njia. Tuliongea hadi usiku. Sasa ana posho yake ya kila mwezi inayotoka kwenye faida, ananunua dukani kama anavyotaka, na ndiye mkali kuliko wote mtu mwingine akichukua bila kuandika. Posho hiyo ninamlipa kwa sababu anakaa kaunta nikienda sokoni, na sitaki magoti ya mtu yaishe bure.

Kijana wangu wa dukani anatoka Pangani. Ana mkataba, namuwekea michango ya NSSF, na hapa dukani hakuna mteja anayemwita boi akarudia mara ya pili. Amejua mzunguko wa kila kitu kuliko mimi. Mwaka huu anafungua la kwake Muheza. Si ndugu yangu kwa damu wala kwa ndoa, na wapo walioniambia nitaliwa. Mzigo wa kuanzia nimempa kwa mkopo, bila riba, na tumeandikiana tarehe ya kuurejesha: mwisho wa msimu wa machungwa.